Mwongozo kamili: Kuandaa walimu wa sayansi kutumia nyenzo za mtandaoni darasani

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuwafundisha walimu wenzangu wa sayansi kutumia nyenzo za mtandaoni, niliandaa orodha. Tovuti zaidi ya 40, zimepangwa kwa somo na kwa mada, kila moja na maelezo yake mafupi. Nilisimama mbele ya projekta saa tatu nzima nikifungua moja baada ya nyingine. Walimu walipiga picha ukutani kwa simu zao, wakashukuru, wakaondoka. Miezi michache baadaye nikawauliza wametumia nini. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kusema jambo lile lile: "Mwalimu, zile tovuti ni nzuri sana, ila sijapata muda." Hakuna aliyekuwa ameingia darasani na hata moja.

Kosa lilikuwa langu. Wale walimu hawakupungukiwa tovuti, walipungukiwa kipindi: dakika 40 zilizokwisha kufikiriwa, zenye mwanzo, swali, na mahali pa kukimbilia mambo yakienda mrama. Tangu hapo nimeacha orodha. Mafunzo ninayoendesha sasa yanazunguka kipindi kimoja tu, na mwalimu anakipitia mara tatu: mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, ya pili akiwafundisha wenzake, ya tatu akiwa na darasa lake. Ukiwa mwezeshaji, mkuu wa idara ya sayansi, au mwalimu tu ambaye wenzake humkimbilia kompyuta inapogoma, utaratibu wote ni huu hapa.

Tafuta kwanza kipindi kinachouma

Wiki mbili kabla ya mafunzo, waulize walimu swali moja: ni mada gani unaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wanaikosea pale pale? Usiwaulize wanataka kujifunza teknolojia gani, maana watakutajia ile waliyoisikia juzi. Ukiuliza mada, jibu linakuja na uchungu wake. "Mkondo wa umeme. Kanuni wanaijua, kukokotoa wanakokotoa, lakini ukiwauliza balbu ipi itawaka zaidi wanabahatisha." Hicho ndicho unachokitafuta.

Si kila mada inahitaji mtandao. Kuchuja maji ya tope, kuotesha maharage kwenye pamba, kupima ujazo wa jiwe kwa kulizamisha, hayo yafanyike kwa mikono, na anayeyapeleka kwenye skrini anawapunja wanafunzi. Nyenzo ya mtandaoni inastahili nafasi pale kitu kinapokuwa kidogo mno kuonekana, kama chembe za gesi. Au kikubwa mno, kama mfumo wa jua. Au cha polepole mno, kama mageuzi ya viumbe. Au cha hatari, kama mionzi. Au kisichoonekana kabisa, kama uga wa sumaku. Mpe kila mwalimu sentensi hii aimalizie kwa maandishi: "Kwa ubao na vifaa nilivyo navyo siwezi kuonyesha …, lakini kwa nyenzo hii wanafunzi wataona …" Akishindwa kujaza nafasi ya pili, mada hiyo iachwe ubaoni, hakuna ubaya.

Kati ya mada zitakazobaki, chagueni moja kwa ajili ya mafunzo. Moja. Utashawishika kuchukua tatu ili fizikia, kemia na baiolojia zote ziridhike. Usikubali. Mwalimu wa baiolojia anayekaa kwenye kipindi cha umeme anakuwa mwanafunzi wa kweli, na hilo lina faida yake, kama utakavyoona.

Pima darasa kabla ya kupima mwalimu

Tembelea chumba chenyewe. Angalia soketi ziko wapi, kama projekta inaonekana mchana madirisha yakiwa wazi, kama aliyekaa nyuma anaweza kusoma namba kwenye skrini. Kisha fanya hesabu ya mtandao, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi inapofia. Tuseme video ya kawaida inahitaji megabiti 1.5 kwa sekunde. Wanafunzi 40 wakiifungua kwa pamoja, wanahitaji megabiti 60 kwa sekunde, na intaneti ya shule nyingi haifiki huko. Hata mmoja tu akiitazama kwa dakika 10, ni megabiti 900, sawa na megabaiti 112 hivi. Zidisha kwa madarasa yote ya wiki ndipo utajua kwa nini bando linaisha Jumanne.

Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi: chochote kitakachotumika darasani kiwe kimeshapakuliwa. Simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, zinapakuliwa kila moja kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye diski. Nyingine, Kolibri, inasambaza masomo kutoka kompyuta moja kwenda vifaa vingine chumbani kwa mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti ya nje. Ukiwa na hizi tatu na diski mweko moja, "mtandaoni" linabaki kuwa neno la mahali ulikochukulia nyenzo. Kuifundisha hakuhitaji mtandao tena.

Idadi ya vifaa isikutishe. Kompyuta moja na projekta inatosha kwa kipindi kizuri, mradi mwanafunzi ndiye aseme kitu gani kibadilishwe na mwalimu awe mkono tu wa kubofya. Vifaa 10 kwa wanafunzi 40 ni vizuri zaidi, wanne wanne, mmoja akishika kifaa, mmoja akiandika, wawili wakibishana. Kifaa kwa kila mwanafunzi ndiyo hali inayotamaniwa na wengi, na kwa kweli ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mtu anajifungia kwenye skrini yake na mabishano yanakufa.

Chuja nyenzo kama unavyochuja kitabu

Kabla hujampa mwalimu nyenzo yoyote, kaa nayo saa nzima. Jaribu kuivunja. Weka namba za ajabu uone inafanyaje. Angalia kama inafunguka kwenye simu ya bei nafuu, siyo kwenye kompyuta yako tu. Angalia umri wake pia: nyenzo nyingi nzuri za zamani zilitengenezwa kwa programu ya Flash, na kampuni ya Adobe waliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, kwa hiyo viungo kibao kwenye orodha zinazozunguka bado vinakupeleka kwenye boksi tupu la kijivu.

Kisha ukweli wa kisayansi. Usitafute makosa ya tahajia. Tafuta uongo unaotokana na urahisishaji, kwa sababu kila mchoro unarahisisha, na kazi ya mwalimu ni kujua umerahisisha wapi. Chukua mchoro wa kawaida wa mfumo wa jua, sayari zimepangwa kama shanga kwenye uzi. Ungefuata vipimo vya kweli, Dunia ikiwa shanga ya sentimita 1, Jua lingekuwa duara la mita 1.1 hivi, na lingekaa karibu mita 117 kutoka kwenye shanga. Hakuna skrini inayobeba hilo. Atomu nayo: kiini kikiwa na upana wa milimita 1, atomu nzima ingekuwa na upana wa mita 10 hadi 100. Wakati wa mafunzo huwa nawatoa walimu nje na shanga mkononi, tunahesabu hatua hadi mita 117, na mtu anasimama kule mwisho akiwa "Jua". Wakirudi ndani, ule mchoro hawautazami tena kwa macho yale yale. Hawautupi. Wanajifunza kumuuliza mwanafunzi: "Mchoro huu unatudanganya wapi?" Swali hilo moja lina sayansi nyingi kuliko video ya dakika 10.

Leseni nayo isipuuzwe. Kuona kitu bure mtandaoni si ruhusa ya kukinakili. Leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huziweka kuruhusu kazi yake itumike, zinasomeka kwa herufi: BY inataka umtaje mtunzi, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadilisha, SA inataka utakachokitoa kibebe leseni ile ile. Kwa mwalimu, ND ndiyo yenye mtego, kwa sababu ukitafsiri karatasi ya kazi na kuwagawia wenzako, tayari umeibadilisha.

Mara ya kwanza: mwalimu akae kwenye dawati

Siku ya mafunzo ikifika, usianze na utangulizi wa teknolojia katika elimu. Usianze na historia ya intaneti. Gawa karatasi na kalamu.

"Chora saketi ya betri moja na balbu moja. Sasa ongeza balbu ya pili inayofanana na ya kwanza, kwa mfululizo. Balbu ipi itawaka zaidi: iliyo karibu na ncha chanya ya betri, iliyo mbali nayo, au zote sawa? Andika jibu na sababu. Hakuna kuulizana."

Wape dakika tatu, kisha zikusanye kura kwa mikono na uziandike ubaoni. Katika vikundi nilivyoviendesha, daima wapo wanaosema balbu ya kwanza itawaka zaidi kwa sababu "inatumia" umeme kwanza na ya pili inapata uliobaki. Ndiyo, walimu. Mara nyingi ni wa baiolojia, lakini si wao peke yao. Usicheke na usimsahihishe mtu. Kura zibaki ubaoni, kila mmoja ameshajifunga kwa maandishi yake mwenyewe.

Sasa fungua simulesheni ya saketi. Wape dakika tano za kuchezea bila maelekezo yoyote. Hapa wawezeshaji wengi wanashindwa kujizuia, wanaanza kueleza kila kitufe. Nyamaza. Ndani ya dakika hizo mtu atakuwa ameunganisha betri kwa waya mtupu na betri imewaka moto kwenye skrini, chumba kizima kitacheka, na dhana ya saketi fupi imeingia bila wewe kufungua mdomo.

Baada ya hapo waunganishe betri ya volti 9 na balbu moja ya ukinzani wa omu 10. Ameta inasoma ampea 0.90. Waongeze balbu ya pili kwa mfululizo, kisha wapime sehemu tatu: kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya zote mbili, na baada ya ya pili. Zote zinasoma 0.45. Mwache kila mtu apime mwenyewe, hata kama jirani yake ameshatangaza jibu. Ndipo uulize: "Mwanzo tulikuwa na 0.90. Ule mkondo mwingine umekwenda wapi?" Kutakuwa kimya. Mtu atasema umetumika. Mwingine atasema lakini mbona hata kabla ya balbu ya kwanza ni 0.45? Waache wabishane, dakika sita, saba, nane, hadi mmoja wao aseme kwa maneno yake kwamba haukwenda popote, haukutoka kwenye betri tangu mwanzo, kwa sababu balbu ya pili imebana njia nzima.

Kisha nenda nao kwenye saketi sambamba. Watabiri kwanza, daima. Kila balbu inasoma 0.90, na betri inatoa 1.80. Na hapa ndipo ninapoweka mezani betri halisi, waya halisi na balbu halisi mbili, nikiwaomba warudie. Balbu zitafifia kidogo ile ya pili inapounganishwa. Kwenye skrini hazikufifia. Kwa nini? Betri halisi ina ukinzani wake wa ndani. Ile ya kwenye skrini, ukiiacha ilivyo, karibu haina. Mwalimu aliyeiona tofauti hii kwa macho yake hatatetemeka mwanafunzi atakapoinua mkono na kusema "mbona kwetu haikuwa hivyo". Atafurahi.

Kuna mengine mawili kwenye simulesheni hiyo ya kuwa nayo macho, wayatafute wenyewe. La kwanza, elektroni kwenye skrini zinakimbia, wakati kwenye waya wa kawaida mwendo wao wa jumla uko chini ya milimita moja kwa sekunde. La pili, zinatoka ncha hasi kwenda chanya, kinyume na mshale wa mkondo ulioko kitabuni. Simulesheni ina sehemu ya kubadilisha kuonyesha mkondo wa kawaida badala ya elektroni. Mwalimu asipolijua hilo kabla, kipindi chake kitateketea kwa mzozo wa mishale.

Maliza sehemu hii kwa kutoka kwenye umeme kabisa. Waulize: "Sasa vueni sare za wanafunzi. Mimi nilikuwa nafanya nini?" Waorodheshe wao. Watakwambia uliwafanya watabiri kabla ya kuona, uliwaacha wacheze, ulikataa kutoa jibu, uliuliza badala ya kueleza, ulileta vifaa halisi mwishoni. Tabiri, tazama, eleza: muundo huo ndio wanaoondoka nao, na utafanya kazi kwenye chembe za gesi au mmeng'enyo wa chakula kama ulivyofanya kwenye balbu.

Mara ya pili: afundishe wenzake, na umeme ukatike

Baada ya chakula, au siku inayofuata, kila jozi ya walimu ifundishe dakika 15 kutoka kwenye mada yao wenyewe. Wenzao wanakuwa wanafunzi, na uwape baadhi yao majukumu kwa siri: mmoja asielewe hata akielezwa mara mbili, mmoja amalize haraka na kuanza kusumbua, mmoja afungue kitu kingine kabisa kwenye simu. Wataigiza vizuri kupita kiasi. Hawa wameishi na wanafunzi hao miaka mingi.

Dakika ya sita, zima projekta. Usitoe taarifa. Utaona mara moja nani amejiandaa. Anayeshika kipindi anageuka, anatoa karatasi tatu zenye picha za skrini alizozichapisha jana, anaendelea. Asiyejiandaa anahangaika na waya dakika nne huku darasa likimponyoka. Baada ya zoezi hili sihitaji kuhubiri juu ya mpango mbadala, kila andalio la somo linaongezewa mstari wenyewe: "Umeme ukikatika, nitafanya …"

Katika kutoa maoni, zungumzeni zaidi kuhusu maswali kuliko vitufe. Karatasi nyingi za kazi zinazoambatana na nyenzo za mtandaoni zimeandikwa kama mapishi: bofya hapa, sogeza pale, andika namba unayoiona. Mwanafunzi anaweza kuikamilisha yote akili ikiwa imelala. Linganisha na hili: "Fanya balbu mbili ziwake sawasawa kwa njia mbili tofauti, kisha eleza ni ipi itamaliza betri haraka zaidi na kwa nini." Kazi hii haina hatua za kufuata, na haikamiliki bila kufikiri. Mpe kila mwalimu karatasi ya mapishi aigeuze iwe swali moja la aina hiyo. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Itengee saa nzima.

Simu ni kifaa cha maabara

Watu wakisikia nyenzo za mtandaoni wanafikiria video. Mimi video naiweka mwisho. Ikibidi, iwe ya dakika mbili, isimamishwe katikati, na wanafunzi watabiri kinachofuata. Chenye nguvu zaidi ni kugeuza simu iwe chombo cha kupimia. Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, inasoma vihisi vilivyomo ndani ya simu: mchapuko, sauti, uga wa sumaku, mwanga pale kihisi kipo. Ukishaipakua, vipimo havihitaji intaneti.

Jaribio ninalolipenda kwenye mafunzo ni kasi ya sauti. Weka simu mbili umbali wa mita 5 kutoka moja hadi nyingine, kila moja ikiwa na saa ya sauti inayoanza na kusimama kwa kishindo. Mtu aliye kando ya simu ya kwanza apige kofi moja. Simu yake inaanza papo hapo, ya pili inachelewa kwa muda ambao sauti inasafiri. Kisha mtu aliye kando ya simu ya pili apige kofi. Ya pili inasimama papo hapo, ya kwanza inachelewa. Kwa hiyo simu ya kwanza itakuwa na muda mrefu zaidi, na ile tofauti ni muda wa sauti kwenda na kurudi, mita 10. Mtapata kama sekunde 0.029. Gawanya mita 10 kwa muda huo, unapata kama mita 345 kwa sekunde, na kasi ya sauti hewani ni takriban 343 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Chumba kiwe kimya, kiwango cha sauti kinachoianzisha saa kiwekwe juu kidogo ili mtu akikohoa saa isianze, na rudieni mara tano kwa sababu jaribio moja litawaaibisha. Walimu ambao asubuhi walisema "mimi na teknolojia hatupatani" ndio huwa wa kwanza kuomba kurudia.

Data hai nayo ina nafasi. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, inaonyesha wazi matetemeko ya ardhi ya siku, wiki na mwezi uliopita duniani kote. Wanafunzi wakiyaweka matetemeko ya mwezi mmoja kwenye ramani tupu, nukta kwa nukta, mipaka ya mabamba ya ardhi inajichora yenyewe. Mwalimu atangulie kuyapakua nyumbani, basi.

Akili unde na faragha, kwa kifupi

Walimu watauliza kuhusu programu za akili unde zinazojibu maswali. Nawaambia wazitumie kutengeneza majibu yasiyo sahihi. Zinafanya vizuri ukiziomba majibu manne ya kuchagua ambayo matatu yanabeba dhana potofu za kawaida. Lakini zinakosea kwa ujasiri ule ule zinaopatia, hivyo kila namba na kila mlinganyo wa kemia uhakikiwe kwa kalamu. Zoezi zuri: mpe kila mwalimu jibu la kompyuta lenye kosa, alitafute.

Kuhusu faragha: pendelea nyenzo zisizotaka wanafunzi wajisajili. Ikilazimu, watumie namba au majina ya vikundi, siyo majina yao kamili. Picha za wanafunzi zisipande popote bila idhini ya wazazi.

Mara ya tatu: darasani, nawe ukae nyuma

Ndani ya wiki mbili baada ya mafunzo, kila mwalimu afundishe kile kipindi kwa wanafunzi wake. Tarehe iandikwe kabla hajaondoka ukumbini, na jina la mwenzake atakayekaa nyuma pia. Nimeona tofauti kubwa kati ya mwalimu aliyeondoka na tarehe na yule aliyeondoka na nia njema.

Anayekaa nyuma asimtazame mwalimu sana. Awatazame wanafunzi watatu tu, ahesabu ni mara ngapi wamesema kitu cha kisayansi kwa sauti yao. Mwisho wa kipindi achukue karatasi za utabiri. Wangapi walitabiri sahihi kabla? Wangapi wanajibu sahihi sasa, na kwa sababu iliyo sahihi? Wiki moja baadaye mwalimu aulize swali jipya la dhana ile ile bila skrini, kwa mfano balbu tatu badala ya mbili. Hapo ndipo utajua kama waliona sayansi au waliona mchezo.

Katika mazungumzo ya baadaye, mwalimu aanze yeye: nini kilimshangaza? Ukimtangulia na makosa yake atajitetea, na kipindi cha pili hutakiona. Kosa ninaloliona mara nyingi ni muda: mwalimu anatumia dakika 25 kueleza jinsi ya kutumia simulesheni, anabakiwa na 10 za sayansi. Dawa yake ni zile dakika tano za kuchezea; wanafunzi wanajifunza vitufe haraka kuliko sisi.

Kutaneni tena baada ya mwezi, nusu siku inatosha. Kila mwalimu aje na karatasi moja ya mwanafunzi iliyomshangaza, iwe ya kupatia au ya kukosea, na tumieni saa ya kwanza kuzisoma kwa pamoja. Saa ya pili, kila mmoja achague kipindi chake cha pili, akimalizia tena ile sentensi ya mwanzo kwa maandishi. Kisha wekeni vyote kwenye folda moja ya pamoja, kila kipindi na faili lake la simulesheni, andalio, karatasi ya maswali, picha tatu za akiba, na ukurasa mmoja uitwao "kilichoharibika". Huo ukurasa wa mwisho ndio mwalimu mgeni atakaoufungua kwanza, kwa hiyo usiachwe mtupu.